Kipya Kinyemi, Lakini Gati Lisivunjwe

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Waliotuachia methali hii hawakuwa na habari ya kompyuta, lakini neno lao lingali hai, na ushahidi wake umo katika vyumba vya kompyuta vya shule zetu za upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe. Shule nyingi za huku hazina uwezo wa kununua mashine mpya. Hupokea zilizokwisha kutumika katika maofisi, zikapanguswa vumbi, zikatiwa programu na kuanza maisha ya pili mbele ya watoto ambao nyumbani kwao hamna kompyuta hata moja. Tuseme mashine hizo zinawekewa mfumo mpya wakati wa likizo. Muhula unapofunguliwa, mwalimu anataka kuchapisha karatasi za mtihani, na printa iliyofanya kazi miaka kumi bila ya kulalamika haitoi hata nukta moja. Mota yake inazunguka, wino umejaa, waya ni mzima. Printa haikuharibika. Kilichobadilika ni programu iliyokuwa ikiielewa.

Makala haya yanaihusu programu hiyo, na yanahusu pia swali la uadilifu lililojificha ndani yake: fundi anapotaka kuijenga upya kazi yake ili iwe bora zaidi, ana deni gani kwa wale wanaoitegemea kama ilivyokuwa jana?

Tuanze na jambo ambalo kila mkazi wa Likoni analijua. Mwaka 1990 kivuko chetu kilipata feri za Nyayo, Harambee na Kilindini. Mwaka 2010 zikaja Kwale na Likoni, na mwaka 2017 ikaja Jambo. Kila kizazi cha feri kilikuja na injini zake, vyombo vyake vya usukani na taratibu zake, na mabaharia wakalazimika kujifunza upya. Lakini mama aliyebeba ndoo yake ya samaki, mwanafunzi anayewahi shule kisiwani na dereva wa lori linaloelekea Lungalunga hawakulazimika kujifunza chochote. Feri ilishusha mlango wake wa chuma pale pale gatini, nao wakapita kama walivyopita jana. Injini ni shauri la wenye feri. Gati ni haki ya abiria. Anayelielewa jambo hili amekwisha kuielewa nusu ya somo letu.

Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu inayosimamia kazi zote, ambayo wataalamu huiita mfumo endeshi. Windows ni mfumo wa namna hiyo, na Linux vilevile. Mfumo huu haujui lugha ya kila kifaa kinachotengenezwa duniani. Printa ya kampuni moja haifahamu amri za printa ya kampuni nyingine, na kadi ya mtandao ya mwaka huu haisemi kama ile ya miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo kila kifaa huandikiwa programu yake ndogo, inayosimama kati yake na mfumo, ikipokea amri upande huu na kuzifasiri upande ule. Programu hiyo huitwa draiva, ndugu wa neno letu dereva, kwani yote mawili yamezaliwa na neno moja la Kiingereza. Wingi wa madraiva ni wa kustaajabisha. Msimbo wa Linux umefikia kiasi cha mistari milioni 40, na zaidi ya nusu yake ni madraiva matupu.

Kwa nini basi mtu aiguse kazi inayoendelea vyema? Yamkini msomaji atauliza hivyo, na swali lake ni la haki. Jawabu ni kwamba madraiva huandikwa na watu wengi, katika nchi mbalimbali, kwa miaka mingi. Huyu ametatua tatizo kwa njia yake, yule amelitatua tatizo lilo hilo kwa njia nyingine, na wa tatu amenakili kazi ya wa kwanza pamoja na makosa yake. Baada ya muda, kosa moja linakuwa limekaa mahali ishirini, na anayelisahihisha mahali pamoja huliacha likiishi kumi na tisa. Hapo ndipo hekima inapodai nyumba ipangwe upya: yaliyo ya pamoja yakusanywe chumba kimoja, na kila draiva ibaki na yale tu yanayokihusu kifaa chake. Kazi hii ni ya lazima. Nyumba isiyokarabatiwa huanguka, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Mradi huo umejiwekea sheria mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zinaonekana kupingana. Sheria ya kwanza yasema kwamba programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi jana zisivunjwe na mabadiliko ya leo. Ikiwa badiliko ndani ya kiini cha mfumo limeizuia programu ya mtumiaji kufanya kazi, basi kosa ni la kiini, hata kama programu yenyewe iliandikwa ovyo. Sheria ya pili yahusu mambo ya ndani: viungo baina ya kiini na madraiva vinaweza kubadilishwa wakati wowote, wala hakuna aliyeahidiwa kwamba vitabaki vile vile. Lakini uhuru huu una masharti yake. Anayekibadilisha kiungo cha ndani hupaswa kuyarekebisha yeye mwenyewe madraiva yote yaliyomo katika msimbo wa pamoja yanayokitumia kiungo hicho. Haruhusiwi kubomoa ukuta kisha akawaachia jirani zake kifusi.

Tukizitazama vizuri sheria hizi, tutaona kwamba hazipingani hata kidogo. Ya kwanza inalilinda gati, ya pili inairuhusu injini ibadilike. Ugumu hutokea pale ambapo mtu hajui mpaka uko wapi, akadhani anagusa injini kumbe ameligusa gati.

Mfano wa hayo ni kisa cha diski. Kwa miaka mingi Linux iliziita diski za aina ya IDE kwa majina mafupi. Ya kwanza ikiitwa hda, ya pili hdb, na kuendelea. Baadaye mafundi waliandika msimbo mpya ulio safi zaidi, uitwao libata, uliozisimamia kwa pamoja diski za zamani na zile mpya za aina ya SATA. Ulikuwa ukarabati wa busara. Lakini chini ya msimbo mpya, diski iliyoitwa hda ikaanza kuitwa sda. Mabadiliko haya yaliwafikia watumiaji wa Fedora katika toleo la 7, mwaka 2007. Herufi moja tu, mtu atasema. Naam, herufi moja. Lakini kompyuta inapowashwa husoma orodha inayoiambia mafaili yake yako katika diski gani, na ikiwa orodha hiyo ilisema hda, mashine ilimtafuta mtu aliyebadilishwa jina bila ya majirani kuarifiwa. Diski ilikuwa nzima, mafaili yalikuwa salama, na mashine haikuweza kuwaka ipasavyo.

Dawa iliyopatikana ina mafunzo makubwa. Mafundi waliwahimiza watu waache kuitambua diski kwa jina linalotokana na draiva, waitambue kwa alama yake yenyewe, iliyoandikwa ndani yake na isiyobadilika hata draiva ikibadilishwa. Fauka ya hayo, msimbo wa zamani haukutupwa siku ile mpya ulipofika. Uliendelea kuwamo, kwa ajili ya wale ambao vifaa vyao vilikuwa bado havijahamishiwa upande wa pili, na haukuondolewa hadi mwaka 2021. Miaka chungu nzima, wa kale na wa sasa waliishi nyumba moja.

Linganisha na yaliyotokea katika Windows mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2007, toleo la Vista lilipotolewa. Waliolijenga walikuwa na sababu nzuri. Katika Windows ya awali, draiva mbovu ya picha iliweza kuiangusha kompyuta nzima, kwa hiyo wakaubadilisha mpango wa madraiva ya picha na kuisuka upya njia ya sauti. Lakini madraiva ya Windows hayakukaa chini ya dari moja. Mengi yalikuwa mikononi mwa kampuni zilizotengeneza vifaa, na kampuni iliyokwisha kuiuza printa yake miaka sita iliyopita haikuona faida ya kuiandikia draiva mpya. Matokeo yake, printa, skana na kadi za sauti zilizokuwa nzima ziligeuka vyuma visivyo na kazi mezani mwa wenyewe. Aliyebadilisha kiungo hakuwa na uwezo wa kuyarekebisha madraiva yote, na mwenye uwezo hakuwa na haja.

Tusiidhulumu kampuni hiyo, hata hivyo, kwani upande mwingine imetunza ahadi kwa namna inayostahili sifa. Visual Basic toleo la 6, ambalo wanafunzi wengi wa somo la kompyuta nchini Kenya walijifunzia uandishi wa programu, lilitoka mwaka 1998. Kampuni iliacha kukihudumia chombo hicho cha kuandikia mwaka 2008, lakini programu zilizoandikwa kwacho ziliendelea kufanya kazi katika Windows 10 na hata 11. Mwalimu aliyeandika programu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba mwaka 1999 hakulazimika kuiandika upya kila mara mfumo ulipobadilishwa. Hiyo ni amana iliyotunzwa.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini mambo haya yaliyoamuliwa Helsinki na Marekani yamhusu mwalimu wa Kisauni? Yanamhusu kwa sababu gharama ya ahadi iliyovunjwa haigawanywi sawasawa. Ofisi tajiri ikiambiwa kwamba printa yake haiungwi mkono tena, hununua nyingine kabla ya jua kutua. Shule yenye mashine ishirini za msaada kwa wanafunzi mia kadhaa haina pa kukimbilia. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma zake za kawaida, na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kifaa maalumu cha usalama na bongo za kompyuta za miaka ya karibuni. Mashine ambayo ofisi imeiacha kwa kukosa sifa hizo ndiyo hiyo hiyo inayokuja kwetu ikiwa zawadi. Tunapokea kilichofungiwa mlango mahali pengine, kisha tunaambiwa tushukuru.

Na mashine ikikataliwa na shule nayo, huenda wapi? Taka za Mombasa hupelekwa Mwakirunge, huko huko upande wa Kisauni. Kompyuta ina risasi, shaba na plastiki zisizooza, na mara nyingi wanaozipasua kutafuta shaba ni vijana wasio na glavu wala kinga ya pua. Kwa hiyo uamuzi wa fundi aliyeketi mbele ya kioo katika nchi ya mbali, wa kuifuta draiva moja kwa kuwa msimbo wake haupendezi, unaweza kuishia mapafuni mwa kijana wa kwetu. Sidai kwamba fundi huyo ana nia mbaya. Aghalabu hajui kwamba tupo.

Hapa kuna pingamizi ambalo mwanafunzi mwerevu hatalikosa. Je, vya kale vihifadhiwe milele? La hasha. Kila draiva inayobaki inahitaji mtu wa kuitunza, na isiyotunzwa huwa mlango wa nyuma wa wezi wa mitandao. Mzigo wa kale ukizidi huwachelewesha wote. Torvalds mwenyewe aliianza Linux kwenye kompyuta yenye bongo aina ya 386. Ndiyo iliyokuwa sababu ya mradi kuwapo. Hata hivyo, Desemba 2012 alikubali msimbo wa kuihudumia 386 uondolewe, kwa kuwa kuendelea kuihudumia kulizidi kuwatatiza waliokuwa wakiboresha sehemu nyingine. Matoleo ya zamani yalibaki pale pale kwa yeyote aliyeyahitaji. Mtu aliyeweza kuiaga mashine yake ya kwanza namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuabudu ya kale.

Basi suala ni namna ya kuaga. Wakazi wa Changamwe wameliona jambo hili kwa macho yao. Kwa miaka mingi waliingia kisiwani kwa njia ya tuta la Makupa, lililoziba maji yasipite. Daraja jipya lilipojengwa, kazi iliyokamilika mwaka 2022, magari hayakuambiwa yasubiri nyumbani. Yaliendelea kupita juu ya tuta huku nguzo zikisimikwa kando, na daraja lilipokuwa tayari yakahamishiwa juu yake, kisha ndipo tuta likaondolewa na maji yakapata njia. Lau wangeanza kwa kuliondoa tuta, tungewaita wendawazimu. Lakini katika ulimwengu wa programu mtindo huo wa kubomoa kwanza ni wa kawaida sana, na anayeufuata husifiwa kuwa mtu wa maendeleo.

Kuna mfano wa uhamaji mwema unaohusu printa zenyewe. CUPS, programu inayosimamia uchapishaji katika Linux na katika kompyuta za Apple, imo katika safari ya kuachana na madraiva ya mtindo wa zamani, kwa sababu printa za kisasa hufahamu lugha moja ya pamoja na hazihitaji draiva ya peke yake. Na zile kongwe je? Mafundi wamebuni programu zinazokaa kati na kujifanya printa ya kisasa. Upande wa mfumo huzungumza lugha mpya. Upande wa mashine kongwe huzungumza ile ile ya zamani. Kwa maneno mengine, wameajiri mkalimani. Mfumo unapata usafi wake, na printa ya shule inapata riziki yake.

Kutokana na visa hivi mwanafunzi anayetaka kuwa fundi anaweza kujitolea kanuni chache. Kabla ya kugusa chochote, na aandike wazi ni mambo gani watu wa nje wanayategemea: majina, mpangilio wa data, majibu yanayotolewa kosa linapotokea. Kisha aandike majaribio yatakayompigia kelele pindi moja ya hayo likibadilika. Baada ya hapo ajenge kipya kando ya cha kale, aweke mkalimani kati yao, na kuhamisha draiva moja baada ya nyingine, akihakiki kila hatua. Ikilazimu kuondoa kitu, atoe ilani mapema, kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye fundi, na aeleze njia ya kufuata. La mwisho, awatafute wale wasiosikika. Kimya cha watumiaji hakimaanishi kwamba hawapo. Yamkini hawana mtandao wa kumpelekea malalamiko.

Walimu nao wana sehemu yao. Msiruhusu mfumo mpya uwekwe katika mashine zote kwa siku moja. Jaribuni katika moja, pamoja na printa na skana ya shule, ndipo muendelee. Kabla ya kupokea mashine za msaada, ulizeni zinahudumiwa na mfumo gani na kwa muda gani. Mashine ambazo Windows mpya imezikataa mara nyingi huweza kuendeshwa na Linux isiyodai nguvu nyingi, na kule kuiweka ni somo zuri kuliko kurasa nyingi za kitabu. Wafundisheni wanafunzi pia kwamba uandishi wa programu una adabu yake. Kijana anayeandika programu ya alama za darasa, kisha akabadilisha mpangilio wa faili hata alama za muhula uliopita zisisomeke, ametenda kwa kadiri yake kosa lile lile la wakubwa.

Wapo watakaosema kwamba maadamu hatuyaandiki madraiva, hatuna sauti. Lakini msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuujaribu na kuripoti kasoro, na ripoti iliyoandikwa vizuri kuhusu printa kongwe iliyokataa kufanya kazi Likoni ina uzito sawa na ya mtu wa Helsinki. Kijana wa Changamwe akijifunza kuiandika ripoti hiyo leo, kesho ataandika marekebisho, na kesho kutwa atakuwa miongoni mwa wanaoamua kipi kiondolewe na kipi kibakie.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza msala mpya kufumwa. Walimwonya anayeutupa mkeka wake kabla hajajua kama huo unaopita utasimama mlangoni pake. Mafundi na wafume, na wafumue wakitaka. Sisi tunaosubiri upande huu wa maji tunachodai ni kwamba feri mpya itakapofika, iwe na mahali pa kutia nanga na sisi tuwe na mahali pa kukanyaga.